Maneno Matatu Niliyoyaongeza

Mwaka ule wa uchaguzi mkuu nilikuwa nikiishi peke yangu mtaa wa Rusimbi, kwenye chumba kimoja na sebule ndogo, uani kwa mzee mmoja aliyefungulia redio tangu alfajiri. Mume wangu tulikuwa tumeachana bila ugomvi mkubwa. Alirudi kwao Kasulu akaoa tena. Dada yangu, ndugu pekee niliyebaki naye baada ya mama kufariki, alihamia Dodoma. Mchana nilifanya kazi kwenye steshenari karibu na soko, kutoa fotokopi na kuchapa barua za watu wanaoomba kazi. Jioni nilikula huku simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Kuna siku tangu nitoke kazini mpaka nirudi kesho yake sikufungua mdomo kuzungumza na mtu, ila kumsalimu yule mzee.

Ukurasa wangu mtandaoni ulianza na mambo madogo. Nilipiga picha bomba lililopasuka, nikaandika mtaa gani hauna maji. Nilipiga picha nyumba za ufukweni ziwa lilipopanda likaingia vyumbani. Watu wakapenda. Kampeni za urais zilipoanza wakaniuliza, dada, leo mkutano uko wapi, kasema nini, watu walijaa au walibebwa? Nikawa naomba ruhusa kazini na kwenda mikutanoni na simu yangu na betri ya akiba. Wafuasi wakaongezeka mpaka nikaacha kuwahesabu. Sokoni wauza samaki wa migebuka waliniita "mwandishi", nami sikuwasahihisha, ingawa uandishi sijausomea.

Nisijifanye mtu wa katikati. Nilikuwa na mgombea wangu moyoni, na nilikuwa kwenye kundi la simu la watu kama ishirini na kitu tuliokuwa tukimpigania mtandaoni, mmoja Mwanza, mwingine Mbeya, wengine sikujua waliko. Hatukuwahi kuonana. Lakini asubuhi mtu aliandika "mmeamkaje wapiganaji", na mimi nilijibu kabla sijapiga mswaki. Hao ndio waliokuwa watu wangu.

Siku msafara wa mgombea wa upande wa pili ulipopita njia ya Ilagala, niliwahi. Gari nililopanda lilipita Simbo watu wakiwa bado wanaelekea mashambani na majembe begani. Ilagala nilikuta uwanja umeshajaa, spika zinapiga muziki, kinamama wamevaa kanga za kampeni. Nilijipenyeza mpaka karibu na jukwaa. Mgombea alihutubia kwa muda mfupi, kisha akafanya jambo ambalo wagombea hulipenda: akashuka, akasema anataka kusikia wananchi, akampa kipaza sauti mama mmoja aliyekuwa mbele.

Alikuwa mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, mwembamba, amejifunga kitenge kilichofifia, mikono yake ina rangi ya mawese mpaka kwenye viwiko. Alianza kwa Kiha. Mimi nimezaliwa Ujiji, mama yangu alinilea kwa Kiswahili. Kiha nakisikia kama mtu anayesikia mazungumzo ya chumba cha pili. Niliwasha simu nikarekodi. Alisema maneno machache, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mgombea mwenyewe alicheka baada ya kutafsiriwa.

Nilimuuliza mwanamume aliyekuwa kando yangu, "Kasema nini?"

"Anamwambia amenenepa," akasema huku akijifuta machozi ya kicheko. "Akija tena kwa mtumbwi waongeze mtu wa kupiga kasia."

Nilizima simu. Nilikuwa na sekunde arobaini, na nilijua hizo zinatosha. Nilitoka kwenye umati kutafuta mahali penye mtandao, nikapata nyuma ya duka la dawa. Nyuma yangu yule mama alikuwa bado anaongea, na uwanja ulikuwa umetulia. Niliusikia ule utulivu. Nilidhani watu wameanza kumchoka.

Nikaandika kichwa cha habari: "Mama wa Ilagala amwambia mgombea: Umenenepa kwa jasho letu."

Kwa jasho letu. Hayo hakuyasema. Niliyaona yanakosekana, nikayaweka, kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mchuzi wa mwenzake bila kuuliza.

Kabla sijafika nyumbani klipu ile ilikuwa imeshafika mbali kuliko kitu chochote nilichowahi kuposti. Kundi letu lilishangilia. "Dada umeua," aliandika wa Mbeya. Kesho yake mtu aliitilia muziki. Wengine walichapa sura ya yule mama kwenye fulana. Upande wa mgombea wakajibu kwamba ni mlevi aliyepandikizwa, wakamtafutia majina. Mimi nilikuwa kazini, natoa fotokopi za vyeti vya kuzaliwa, na simu inatetema mfukoni kila dakika. Sitasema kwamba sikufurahi. Nilifurahi kwa siku nne nzima.

Siku ya tano mtu nisiyemjua aliandika chini ya klipu, katikati ya mamia ya maneno ya watu: "Mimi ni wa Ilagala. Huyu mama hakusema habari ya jasho. Na alikuwa hajamaliza. Dada, ungesubiri."

Nilimwandikia faraghani kumuuliza mama alimalizia na nini. Akanijibu, "Nenda ukamuulize mwenyewe. Siku hizi hana mtu wa kuongea naye."

Jumamosi nikaenda. Dereva wa bodaboda niliyoipanda pale Ilagala alijua nyumba bila mimi kueleza sana. Alicheka, akaitaja ile klipu. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, chini ya kibanda cha makuti, anachambua chikichi kutoka kwenye mashada yake kwa kisu kifupi. Kando palikuwa na pipa la kuchemshia na mashine ya kukamua, ile ya kuzungusha kwa mikono. Mashine ya namna hiyo haiendeshwi na mtu mmoja. Alikuwa peke yake.

"Mwakeye," nilimsalimu kwa Kiha changu kidogo, kisha nikaongeza, "Shikamoo mama."

"Marahaba." Alinitazama. "Wewe si wa hapa."

Nilimwambia mimi ni nani. Nilidhani atapandisha sauti. Aliendelea kuchambua.

"Kumbe wewe ndiye mwenye simu," alisema.

"Ndiyo mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Kaa. Usisimame juani."

Nikakaa kwenye kigoda. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha taratibu, akitafuta maneno. Walikuwa kinamama sita wanaokamua mawese pamoja. Watatu waume zao walikuwa kwenye kamati ya kampeni ya yule mgombea. Baada ya klipu waliambiwa wasionekane naye. Wale wawili waliobaki wakaogopa, nao wakaacha kuja. Mtoto wake wa kiume aliyekuwa Uvinza alimpigia simu kumlaumu, amemwaibisha kazini kwake. Kanisani akikaa kwenye benchi, benchi linabaki wazi upande wake.

"Na mimi sikumtukana," alisema. "Yule nilimtania. Mzee wetu akimpokea mgeni si humtania kwanza? Unamtania ili akusikilize. Akacheka. Nikajua sasa ananisikia. Ndipo nikamwambia."

"Ulimwambia nini mama?"

Aliweka kisu chini.

"Nilimwambia, sisi tunacheka, lakini binti yangu alikuwa mwembamba. Mtumbwi wala haukulemewa. Na bado hakufika."

Binti yake alikuwa ameolewa kijiji cha kusini zaidi, kando ya ziwa, ambako wakati wa mvua gari halifiki. Uchungu ulimshika, ukakaa siku mbili. Wakampakia kwenye mtumbwi kumleta kwenye matibabu. Ziwa lilikuwa limechafuka, wakawa wanaingia ufukweni kusubiri, wanatoka, wanaingia tena. Alifia mikononi mwa mama mkwe wake, mtoto akiwa bado tumboni. Mama alikuwa akiwasubiri ufukweni na kanga safi mkononi.

"Uwanja ulinyamaza," alisema. "Hata yeye alivua kofia. Akaniambia, mama, hilo nitalibeba. Sijui kama angelibeba. Labda angelisahau barabarani. Lakini nilikuwa nimeshalisema mbele ya watu. Sasa hakuna anayekumbuka hilo. Wanakumbuka unene."

Nilifanya kitu ambacho nakionea aibu mpaka leo: nilitoa simu. Nikamwambia, "Mama, tuirekodi sasa. Useme yote, niweke pale pale, watu waisikie."

Aliitazama simu, akatikisa kichwa.

"Nikwambie wewe, mwanangu, utanijibu nini? Nilimwambia mtu anayetaka kututawala, ana kwa ana. Wewe ulikuwepo. Uliondoka."

Nikairudisha simu mkobani. Baada ya muda akanisogezea kisu cha pili. Tulichambua chikichi mpaka adhuhuri, kisha akachemsha, kisha tukazungusha ile mashine wawili, mimi nikipumua kama mgonjwa. Aliniuliza kama nina watoto, nikasema sina. Aliniuliza kama nina mume, nikasema sina. Akasema, "Basi tuko sawa," na akaongeza maji kwenye pipa.

Jumapili niliifuta klipu nikaandika marekebisho. Niliandika kwamba maneno ya jasho niliyatunga mimi, kwamba mama alitania kwa heshima, kwamba alieleza msiba ambao mimi sikusubiri kuusikia. Msiba wenyewe sikuueleza kwa sababu hakunipa ruhusa. Waliosoma walikuwa wachache mno. Klipu yenyewe ilikuwa kwenye simu za watu, haikuhitaji ukurasa wangu tena.

Waliosoma hawakunielewa. Upande mmoja waliandika kwamba nimekiri uongo, nikamatwe. Upande wetu waliandika kwamba nimelamba asali, yaani nimenunuliwa. Kwenye kundi nilijaribu kueleza.

"Kwa hiyo tumsaidie adui wiki tatu kabla ya kura?" aliuliza wa Mwanza.

"Sijamsaidia mtu. Nimesema kilichotokea."

"Ukweli una wakati wake dada."

Nilikuwa nikiandika jibu refu. Kabla sijalimaliza nikaona maandishi kwamba nimeondolewa kwenye kundi. Nilibaki nimeshika simu, na sentensi yangu haina pa kwenda. Nilimpigia dada yangu Dodoma. Alipokea, akasema yuko kwenye kikao, atanipigia. Nadhani alisahau.

Wiki zile tatu zilikuwa ndefu. Asubuhi mkono ulitafuta simu kabla macho hayajafunguka, na hapakuwa na aliyeandika mmeamkaje. Magari ya matangazo yalipita mtaani na spika zake, mimi ndani nikapiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji kupigwa pasi. Mikutano miwili mikubwa ilifanyika mjini, sikwenda. Wauza migebuka waliniuliza, "Mwandishi, vipi, umesusa?" Nikasema nina mafua. Nilijifunza kwamba ninaweza kumaliza chungu cha ugali wa muhogo katika siku mbili, na kwamba yule mzee mwenye redio hukohoa zaidi siku za Jumanne, akirudi kutoka kwa daktari.

Siku ya kupiga kura nilipanga foleni shuleni mapema. Mtandao siku hiyo haukufanya kazi, kwangu wala kwa waliokuwa mbele yangu. Watu walikuwa wakiangalia simu zao, wanazirudisha mfukoni, wanazitoa tena. Nilipiga kura yangu, kwa yule yule niliyemtaka tangu mwanzo, nikarudi nyumbani na wino kidoleni. Matokeo yaliyobandikwa ukutani nilikwenda kuyasoma kesho yake kama mtu mwingine yeyote, sikuyapiga picha.

Ilagala nilirudi mvua zilipokwishaanza. Kinamama wawili, wale walioogopa, walikuwa wamerudi kwenye mashine. Watatu hawakurudi. Mama alinipokea kama mtu aliyekuwa akinitarajia, akaniambia, "Afadhali umekuja. Leo kuna mkutano wa kijiji. Nisindikize."

"Nije na simu?"

"Njoo na miguu."

Mkutano ulifanyika darasani kwa sababu ya mvua. Mtendaji alikaa mbele na daftari la muhtasari, watu kama hamsini wamejibana kwenye madawati ya watoto. Ulipofika wakati wa mengineyo, mama alisimama. Aliongea Kiha tangu mwanzo mpaka mwisho, bila utani safari hii. Vijana wawili nyuma walianza kuiga ile sauti ya klipu, mtu mzima mmoja akawageukia, wakaacha.

Nilikuwa nimekaa dawati la mwisho na mama nisiyemjua, ananyonyesha. Alianza kunitafsiria sikioni: anasema habari ya boti ya wagonjwa, anasema mvua ya mwaka ule, anasema kanga. Kisha akachoka, au akavutiwa, akaacha kutafsiri na kumsikiliza. Nikabaki na sauti tu. Mtendaji alikuwa anaandika. Mama alisimama muda mrefu, na mimi sikuondoka.