Mkalimani wa Laurette

Laurette na mimi tunakaa nyumba moja hapa Peckham, ughaibuni, yeye chumba cha juu, mimi cha chini. Yeye anasafisha maofisi. Mimi, Mkenya, natunza wazee. Alizaliwa Bukavu akapewa jina la kiume, Gires, lakini tangu nimfahamu ni Laurette, na mwenye kubisha aje abishane na mimi.

Alikuwa akionana na Sonal, mtaalamu wa saikolojia, ili apate barua ya kumruhusu kuanza homoni za kike. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo akapewa mkalimani: Papa Adolphe, shemasi wa kanisa lake. Laurette alifurahi kupata mtu wa nyumbani. Mtu wa nyumbani! Kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja nakala ya ripoti ya Sonal ikaja kwa posta, akaniomba nimsomee. Iliandikwa kwamba mwenyewe anasema anasumbuliwa na pepo, hataki dawa, anataka kuombewa. Barua ya homoni imesimamishwa.

"Haiko vile nilisema," akasema. Kisha akalia. Miezi saba alikuwa akimfungulia Sonal moyo wake, na hakuna neno lililofika.

Nilitaka kupiga simu palepale wabadilishe mkalimani. Akanishika mkono. "Hapana, dada Peris. Umuache akuje." Nilimwelewa, na sioni haya kusema nilifurahi. Wiki kumi nikamfundisha Kiingereza jikoni, sombe, kisamvu cha kwao, ikichemka, naye kila Jumapili akimwamkia Papa Adolphe kwa heshima zote.

Siku ya kuonana na Sonal ikafika, nikamsindikiza hadi ndani. Laurette akasema kwa Kiswahili, taratibu: "Mimi ni mwanamke. Sina pepo. Nataka dawa."

Papa Adolphe akamgeukia Sonal, akasema kwa Kiingereza: "Anasema bado anapigana na pepo."

"Sikusema hivyo," Laurette akamwambia Sonal, kwa Kiingereza pia, bila kukwama. Akatoa ripoti mkobani, kila uongo umepigiwa mstari mwekundu.

Mzee akamsogelea Laurette. Akainama, akanong'ona kwa Kiswahili: "Mwanangu, unisamehe. Nilidanganya juu nilitaka kukuokoa. Wasinifukuze kazi, niko na watoto."

"Amesema nini?" Sonal akauliza.

Laurette akamtafsiria neno kwa neno, hakupunguza hata moja.