Simu Iliyosikia Ndege wa Kizingo

Siku ya kwanza niliyoitoa simu itutambulishie ndege, ilimtambua mwuza kahawa. Tulikuwa tumesimama Ndia Kuu, babangu na mimi, Jumapili baada ya swala ya Alfajiri, na yule mzee akapita na dele lake la kahawa huku akiviliza vikombe, che, che, che. Simu ikafikiri kidogo, kisha ikaandika jina la ndege wa porini na kutuonyesha picha yake, kifua rangi ya chungwa.

Baba alicheka hadi akashika ukuta. "Mwambie huyo ndege anitilie kimoja," alisema. "Tangawizi izidi."

Programu yenyewe niliwekewa na mwenzangu wa kazini, mtu wa bara, ambaye hapitwi na kipepeo dirishani bila kumpiga picha. Unaielekeza simu mtini, inasikiliza, inakuandikia ni nani anayelia. Ukitaka, unahifadhi: siku, saa na mahali. Watu wa mbali wasiokujua huingia wakakukubalia au wakakukosoa. Mimi niliipokea kwa tamaa yangu mwenyewe. Babangu alikuwa amepita miaka sabini na tano, na ndege wote wa kisiwa hiki walikuwa kichwani mwake tu. Nilitaka waandikwe mahali.

Nilikuwa na miaka sita au saba alipoanza kunichukua Kizingo. Aliendesha winchi bandarini, wiki nzima chuma na makelele, na siku yake ya mapumziko alitaka miti. Tulitoka kwetu Bondeni kwa miguu, tukakata Mji wa Kale, tukatokea kwenye zile nyumba kubwa zenye kivuli. Wenyewe hutembea kwa magari, kwa hivyo barabara ilikuwa yetu sisi na walinzi wa magetini. "Funga macho," baba huniambia. "Nani huyo?" Nikikosa, ananipiga kikonzi cha mapenzi. Pugi nilimjua upesi, maana yule husema wazi: babangu kafa, mamangu kafa, nimesalia tu, tu, tu. Chozi ana kisauti chembamba cha sindano. Tiva hulia kwa kupokezana na mkewe, ukadhani ni mmoja.

Na akilia kurumbiza, baba husimama akamwuliza kwa adabu: "Kama twajiwa na mgeni, ruka." Kurumbiza akiruka, tulirudi nyumbani mbio kumwambia mama aongeze mchele. Mama akiguna, lakini akiongeza. Mara nyingi mgeni hakuja, wali ukatubakia wenyewe, na mimi nikazidi kumpenda kurumbiza. Siku hizo, jamani! Ningepewa moja tu, hiyo ya kukimbia na habari ya mgeni asiyekuwepo, ningeichukua.

Mama alipofariki, baba aliacha kila kitu. Aliacha baraza, akaacha bao, hata harusi za jamaa akawa hatokei. Alibakiwa na msikiti wa pale kona na Jumapili zetu. Nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba Jumapili hizo zikikoma, mzee wangu ataingia chumbani na hatatoka. Hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote.

Kwa hivyo Jumapili ya pili ya simu ilinitia baridi. Tulisimama chini ya mkwaju, simu ikaandika chozi.

"Hakuna chozi hapa," alisema baba.

"Yupo, baba."

"Hiyo simu yako ni ile ile ya mwuza kahawa."

Lakini mimi nilikuwa nikimsikia kwa masikio yangu! Alikuwa juu ya vichwa vyetu, anapiga kelele kama mwenye nyumba. Nikamtazama baba. Alikuwa ametulia, anatazama barabara, wala hapekui mtini. Pugi baba alimsikia, kunguru alimsikia, tetere pia. Wenye sauti nyembamba wote, kwake kimya. Kilichonishangaza ni kwamba mwezi uliopita tu alikuwa akinitajia mwenyewe: chozi yule, kwenye tawi la kulia. Nikajiuliza masikio yanakufaje kwa mwezi mmoja.

Nilifanya alilofanya mama na mchele. Nilimkubalia. Simu ikiandika ndege ambaye baba hakumsikia, nafuta kimyakimya. Wakati mwingine aliropoka tu, akataja tiva mahali pasipo na tiva, nami nikaandika tiva. Wale watu wa mbali wakanikosoa, nikawaambia moyoni wanyamaze, wao wanajua nini? Baada ya wiki tano, Kizingo yangu ya kwenye simu haikuwa na chozi hata mmoja. Na baba alizidi kuwa mkimya. Alitembea hatua moja nyuma yangu, akiuliza mapema, "Twarudi?"

Jumapili iliyofuata sikuvumilia. Nilimwambia twende kwa daktari wa masikio. Hataki. Nikamwambia siku hizi kuna vifaa vidogo, havionekani. Hataki. Mimi nina hasira za mkizi, Bondeni yote yajua. Nikamgeukia pale pale barabarani, uso kwa uso: "Sikio la kufa halisikii dawa!"

Baba alinitazama. "Hilo nimelisikia," alisema.

Wallahi, natamani ardhi ingenipasukia siku ile. Tulirudi nyumbani. Jumapili nyingine nikamkuta kitandani, shuka hadi kifuani. "Nenda na simu yako," alisema. Na Jumapili iliyofuata, vile vile. Nilienda peke yangu ile ya kwanza, nikakaa robo saa, nikarudi. Simu ilijaza ndege kumi na moja, na sikuona raha ya hata mmoja.

Jumapili ya tatu nilimpelekea chai, mahamri na mbaazi za nazi. Nikambusu mkono, nikaomba radhi, nikalia. Alinyoosha kidole akanifuta shavu, kisha akaniambia nisogee mbele yake, kwenye mwanga wa dirisha.

"Masikio yangu yalikwisha zamani, mama," alisema. Huniita mama akiwa hana ugomvi. "Tangu mamako yu hai. Yeye alijua."

"Lakini ulikuwa ukinitajia! Chozi, tiva, wote."

"Wewe ndiye uliyenitajia."

Sikuelewa. Akaweka kikombe chini. "Chozi akilia, jicho lako laenda kwenye tawi kabla wewe mwenyewe hujajua. Kwa tiva, wainamisha kichwa kidogo, hivi, wangoja mkewe ajibu. Kwa kurumbiza wacheka, tangu u mtoto wacheka. Basi mimi nilikuwa natembea kando yako, nautazama uso wako. Miaka yote hiyo sikukosa ndege."

Chai ikaanza kushika utando. Nilikumbuka wiki zile zote chini ya mikwaju ya Kizingo, mimi nimeishika simu kwa mikono miwili, macho kwenye kioo, nasubiri jina litokee. Nilidhani namhifadhia ndege wake. Nikataka kusema kitu, lakini nilijua nikisema huku nimeinama hatanisikia, kwa hivyo nikainua uso nikamtazama.

Alitikisa kichwa polepole, bila hasira.

"Tangu uitoe hiyo simu," alisema, "kati ya hao sijamsikia hata mmoja."