Nilimkataza Wifi Asimbebe Mtoto

Jamani, naandika hapa nina hasira.

Binti yangu Zawadi ana selimundu, yaani sikoseli. Wiki iliyopita wifi yangu kaja kutoka Ulaya, anakohoa, kapimwa kakutwa na korona. Nikamwomba asimbebe mtoto.

Mama mkwe akaja juu: "Korona haishiki watoto! Unamnyanyapaa wifi yako?"

Wifi akambeba. Akambusu kabisa.

Leo Zawadi naye kakutwa na korona, yuko kwenye oksijeni hapa hospitali ya Kilosa. Daktari ametueleza kwamba korona inaweza kumwelemea mtoto mwenye selimundu kuliko wenzake.

Mama mkwe akanigeukia mbele ya wauguzi:

"Wewe mama gani? Mbona hukutuambia?"

Wifi anachezea simu.

Nikasema, "Nisamehe, mama." Nikatoka nje kulia.

Nyie mngemjibuje?