Mtaro wa Nyuma ya Kayaba

Maji yaliingia kupitia mlango wa jikoni, alasiri, nikiwa nasahihisha vitabu vya wanafunzi wangu. Nilidhani ni sufuria imemwagika. Kabla sijavaa viatu yalikuwa yamefika chini ya kochi, yana rangi ya chai ya maziwa, yamebeba viazi na ndara za watoto. Tuliokoa televisheni, vyeti na godoro moja. Mengine yote tuliyatazama yakilowa.

Nyumba yetu iko upande wa Kapseret, nje kidogo ya Eldoret, kwenye mteremko. Tangu tujenge, maji ya mvua yalikuwa yanapita kwenye mtaro ulio nyuma ya ua wa miti ya kayaba, mpakani na jirani yetu mfugaji. Mvua ilipotulia nilizunguka kule nikaona mtaro umefukiwa, udongo umeshindiliwa, na juu yake kuna alama za magurudumu ya lori. Jirani alikuwa amejitengenezea njia ya kutolea mahindi shambani. Maji yalipokosa njia yao yalikuja kwangu.

Nilirudi kumwambia mume wangu. Alikuwa anachota maji sebuleni kwa karai, suruali ameikunja hadi magotini. Alisikiliza, akaendelea kuchota.

"Pole, mama watoto," alisema. "Lakini tusianze vita na jirani. Wewe achana naye, mimi nitaongea na yeye."

Nikaona nimeolewa na mtu mpole. Mimi si mpole.

Kesho yake jirani alikuja mwenyewe na mtungi wa maziwa. "Pole na maji, Mama," alisema. "Hii ni ya watoto." Nilimwambia arudi nayo. Kwetu ni kando ya ziwa, lakini nimeishi huku vya kutosha kujua kwamba ukimrudishia mtu wa huku maziwa yake umemtukana yeye na ng'ombe wake wote. Nilikusudia hivyo hasa. Alisimama kidogo, akageuka, akaenda. Mume wangu alikuwa mlangoni, nyuma yangu.

Kukarabati kulimaliza msimu mzima na kuendelea. Fundi alibomoa plasta hadi usawa wa kiuno, kisha akasema ukuta lazima ukauke kwanza. Ukauke na nini, Julai ya Eldoret, mvua kila alasiri na baridi isiyo na adabu? Tuliwasha jiko la makaa chumba baada ya chumba, madirisha wazi, mpaka wanafunzi wangu wakaniuliza kama nyumbani tunakausha nyama. Milango ilivimba ikakataa kufunga, kwa hivyo ukioga uliegemeza ndoo mlangoni na kuimba kwa sauti. Rangi ya kwanza tuliipaka kwa haraka zetu, ikatoka malengelenge, tukaibandua yote na kungoja tena.

Na kila jioni mume wangu alinikuta nimepiga magoti nasugua ukungu, akaniambia pole. Nami nilimjaza maneno kuhusu jirani: mchoyo, mnafiki, kanisani anakaa benchi la mbele na huku anazamisha watoto wa watu. Yeye aliitikia kwa kichwa. Siku moja alisema, "Watu wa hivyo wapo."

Mvua ilipopungua nilienda kwa jirani mwenyewe, maana ile "nitaongea na yeye" ilikuwa haijaisha kuongewa. Nilimkuta kando ya ule ua, anakata majani ya nepia ya ng'ombe. Nikamuuliza, bila salamu, atafukua mtaro lini. Aliweka panga chini.

"Mama, kwani mzee wako hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

"Nilimuomba njia ya lori kabla ya kuvuna. Akasema sawa, nifukie tu, kalvati ya kupitisha maji chini ya njia ataweka yeye mwenyewe. Nikangoja. Nikamkumbusha Krismasi, nikamkumbusha tena mvua ikikaribia. Akasema iko njiani." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Ulivyorudisha maziwa nilishangaa, lakini nikasema labda ni uchungu wa nyumba."

Nilijikuta nimeshika tawi la kayaba, na miiba ya kayaba si ya mchezo.

Mume wangu alikuwa chumbani anapima mlango mpya. Nilimuuliza, na hakukana.

"Nilisahau," alisema. "Halafu ukawa umeshamkasirikia, nikaona nikisema sasa itakuwa mbaya zaidi."

"Na zile pole zote?"

"Nilikuwa nakuonea huruma, kweli."

Nilimwamini, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Pole unampa mtu aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyebeba mzigo. Unampa hata kama humjui. Mwenye kosa anasema nisamehe. Miezi yote ile alinihurumia kama mpita njia, na mimi nikamshukuru. Kalvati ningeisamehe siku hiyo hiyo, maana nani hasahau? Lakini alisimama nyuma yangu nikimfukuza mtu na maziwa yake, akaniacha nimchukie, kisha akakubaliana nami kwamba watu wa hivyo wapo. Nilisalitiwa ndani ya nyumba yangu, na sina neno jingine la kuliita jambo hilo.

"Nisamehe," alisema hatimaye. Nilimwambia nimesikia.

Kwa jirani nilienda kuomba radhi. Alicheka, akamwita mkewe alete chai, na mambo yetu yakaishia hapo. Yangu na mume wangu hayakuwa mepesi hivyo. Yeye na jirani waliweka kalvati, kuta zikakauka, rangi ikashika, wageni wakija wanasifu. Nyumba ilikuwa imerudi. Sikujua kama neno lake nalo limerudi.

Mwaka huu mvua kubwa ilipoanza alitoka na mwavuli, akarudi mabega yamelowa. "Nimeangalia," alisema. "Maji yanapita vizuri. Wewe keti tu."

Nilimpa taulo. Kisha nikavaa gambuti, nikaenda kuangalia mwenyewe.