Foleni ya Gunarto

Gunarto aliuza mtandao kijijini kwao, huko Ponorogo, na kwa adabu alipitiliza. Kwenye ruta, kile kisanduku kinachowagawia watu mtandao, alikuwa amepanga foleni: majirani wanaocheza gemu mbele, wanaotazama filamu nyuma yao, na nyumba yake mwenyewe mkiani kabisa. Kwao mwenye nyumba hali kabla ya wageni. Watu walimsifu, naye akavimba kichwa. Mjinga mkubwa!

Mchana ule wa mvua, mama yake, Bibi Ginem, alikuwa yu taabani kitandani. Alitaka kitu kimoja tu: amwone Kasiyati, bintiye, mtumishi wa nyumbani huko Taiwan. Kasiyati alikuwa amepiga simu ya video, lakini uso wake uliganda kiooni, mdomo wazi, sauti ikikatika. Sulasmi, mke wa Gunarto, aliishika simu mbele ya macho ya mkwewe, akangoja.

"Baba Laras, wazime majirani wote!" akamfokea mumewe.

"Nitawaambia nini mie?"

"Waambie mama yako anakufa! Au hilo nalo ni aibu?"

Hakuwazima. Alikwenda sebuleni, kwenye kompyuta, akaipandisha nyumba yake iwe ya kwanza. Wapi! Picha haikutikisika. Alikodolea macho grafu ya mtandao hadi akang'amua: mvua ilikuwa imepunguza kasi ya laini inayoleta mtandao kijijini, na yeye bado ameiambia ruta kwamba kasi ipo tele. Msongamano ulikuwa huko nje, kwenye antena inayoupokea mtandao. Ruta haikuuona, kwa hiyo haikumpa yeyote kipaumbele. Foleni zake zote zilikuwa kazi bure.

"Ee Mungu, niwekee mama yangu kidogo tu," akaomba, huku akishusha kiwango cha kasi alichoiandikia ruta, akitazama grafu, akishusha tena.

Chumbani Sulasmi na majirani waliokuja kumjulia hali mgonjwa walikuwa wameinamia kile kioo, wamekipa kitanda mgongo.

"Imerudi! Wifi Kasiyati huyu hapa!" Sulasmi akapiga kelele.

Gunarto akakimbia. Kasiyati alionekana waziwazi, hata machozi yake. Wote walikuwa wakimpungia mkono, wakicheka na kulia. Yeye hakumpungia mtu.

"Kaka," akasema, "mbona mama hapumui?"

Ndipo wakageuka kutazama kitandani.