Baridi Haina Sauti

Mwalimu Rémy alikuwa amechoka kabla hatujamfahamu. Siku za kazi alifundisha Kifaransa katika sekondari moja ya Kambove, na Jumamosi mchana alitufundisha sisi watu wazima katika ukumbi wa parokia hapa Likasi. Kila alipoketi alishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia la mahindi. Maisha yake yote yalikuwa ya kusahihisha. Ukimpa pole kwa Kifaransa kibovu, alikunyoosha kwanza, shukrani zikafuata baadaye kama zilikuwa zimebaki.

Mwaka huu walimpeleka semina Mulungwishi, akarudi na njia mpya. Mwanafunzi aachwe aseme, hata akikosea, maadamu anaeleweka. Tuigize soko, hospitali, simu, na mwalimu asimkate mtu maneno. Sawa, lakini mkataze mpishi kutia chumvi uone atakavyozubaa jikoni. Ndivyo alivyosimama mbele yetu, mikono haina kazi.

Aliyemchosha zaidi ni Mama Mbombo, muuza makayabu, wale samaki wa chumvi, sokoni, mtu wa ukoo wa Kasai uliokuja huku zamani kwa kazi za mgodi. Siku ya kwanza alimwambia wazi:

“Mwalimu, minye sitafute diplome. Mujukulu yangu Estelle iko Bruxelles, mutoto ya Adrien. Hajue Swahili, hajue Tshiluba. Kila siku Adrien njo anatutafsiria. Minachoka kusema na mujukulu yangu mu kinywa ya muntu mwingine!”

Basi akajifunza kwa bidii, na kosa lake lilikuwa lile lile. Sisi wenye Kiswahili tunasikia kila kitu: njaa, harufu, uchungu, hata lugha ya mtu tunaisikia. Wafaransa wametenga mambo hayo, na neno lao “entendre” ni la masikio tu. Mama Mbombo hakujali. Tulipoigiza hospitali alisema, “J'entends le froid,” akimaanisha anasikia baridi.

Mwalimu aliuma mdomo, akakumbuka semina, akashindwa. “Mama, on n'entend pas le froid!” Yaani baridi haina sauti, nani ameisikia? Mama Mbombo akanyamaza mpaka kipindi kikaisha. Nilimkasirikia mwalimu, nasema kweli. Ukimfunga mtu mdomo, utamfundisha kusema na nini?

Jumamosi moja ya Juni, msimu wetu wa baridi, Mama Mbombo alimwomba mwanawe apige simu wakati wa darasa, ili mwalimu awe karibu akikwama. Simu ikawekwa mezani, sauti ikafunguliwa. Adrien akasalimia, akampa binti yake simu, na sisi sote tukasogea mezani.

“Mémé, ici il fait chaud!” mtoto akamwambia bibi yake. Kwao kulikuwa na joto.

Mama Mbombo akajifunga kitenge vizuri, kana kwamba mtoto anamwona. “Estelle, moi, ici, j'entends le froid.”

Mdomo wa mwalimu ukafunguka. Nilimkanyaga mguu, tena kwa nguvu, akaufunga.

Mtoto akauliza, “Il fait quel bruit?” Inatoa sauti gani?

Mama Mbombo akatazama dirisha lililopasuka kioo. Akapuliza, “Vuuu,” kisha akagonganisha meno machache aliyobakiwa nayo. Kule Bruxelles kicheko kikalipuka. Mtoto akataka arudie, akarudia. Wakaendelea hivyo, Kifaransa kinachechemea lakini kinafika: jino lililong'oka shuleni, paka wa jirani aliyeiba makayabu. Adrien hakuitwa kutafsiri hata neno. Mwalimu Rémy aliketi, na kwa mara ya kwanza uso wake ulilegea.

Kisha mtoto akauliza, “Mémé, tu viens quand?”

Swali hilo Mama Mbombo alilielewa vizuri kuliko yote. Utakuja lini? Visa ya kwenda huko walikuwa wamemnyima mara ya pili, na sisi tulijua. Akamgeukia mwalimu, macho yamejaa.

“Mwalimu, tunaambia mutoto je?”

Mtu huyo alikuwa ametuimbisha wakati ujao mpaka tukauota: nitakuja, utakuja, tutakuja. Yote yalikuwa sahihi, na yote yangekuwa uongo. Akafikiri, akajikuna kichwa, akasema kwa sauti ya chini:

“Minye mwenyewe sijue, Mama.”

Mama Mbombo akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akainamia simu.

“Je ne sais pas, chérie. Moi aussi, je veux.”

Sijui, mpenzi. Hata mimi nataka. Halikuwamo kosa hata moja. Nilimwona mwalimu Rémy akitafuta, maana angepata japo moja, angekuwa na kitu cha kumsaidia.