Darasa Lisiloingia Jua

Jina la Shoti hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa mzima, kwa siku moja. Alikuwa kijana, fundi wa umeme mpya kabisa, bisibisi haimtoki mfukoni, akaenda kumrekebishia jirani taa mchana wa fainali ya mpira. Hakuzima swichi kuu. Nyaya mbili zikagusana, kukasikika mlio, na televisheni zote za mtaa zikafa pale pale mpigaji anaweka mpira wa penalti. Watu walimsaka na fimbo. Dada yake mkubwa alimsukumia chini ya kitanda, akasimama mlangoni na kuapa kwamba hajamwona tangu asubuhi.

Tangu hapo Shoti akawa mtu wa kuzima. Zima kwanza, gusa baadaye. Aliyasema hayo kwa kila kibarua aliyemshikia ngazi, akayarudia mpaka yakachosha, na kwa miaka yote aliyotambaa kwenye dari za watu hakuna aliyeumia akifanya kazi naye. Alijivunia hilo, na hakuwa na mengi ya kujivunia. Mke alishafunga virago zamani, chumba kilikuwa cha kupanga, na mgongo ulikuwa umeanza kumgomea.

Mgongo ulipokataa ngazi kabisa, akapata kazi ya kufundisha. Kituo kilikuwa nyuma ya machimbo ya mawe, kwenye mtaa ambao nguzo za umeme ziliufikia zikakata kona. Huko watu huponda kokoto, baba, mama na watoto, na kijana akiandika anwani ya mtaa huo kwenye barua ya kuomba kazi, barua haijibiwi. Wafadhili waliwaita jamii zilizosahaulika, kana kwamba kuna siku waliwahi kukumbukwa. Walisema wanawaletea ajira za kijani. Kijani pekee ambacho mtaa ule ulikuwa unakijua ni maji ya mtaro, lakini vijana walijaa kuanzia siku ya kwanza, wengine wakiwa na vumbi la mawe kwenye nyusi.

Shoti alikuwa hajui lolote kuhusu umeme wa jua. Alipelekwa semina fupi, akarudi na begi la kitambaa na kofia. Mwalimu wa semina alikuwa amewaambia jambo moja ambalo kwa fundi wa kizamani lilikuwa kinyume cha kila kitu: paneli haizimiki. Jua likishaipiga, ina umeme, upende usipende. Ukizima swichi ya chini umezima nyumba tu. Waya wa juu ya paa bado una moto, na paneli zikiungwa kwa mfululizo moto huo unatosha kuua. Shoti alilisikia hilo kwa masikio yake, tena aliuliza swali juu yake.

Mwaka wa kwanza alilifundisha. Kisha wezi wakapanda paa la kituo wakachukua paneli mbili, na meneja, mtu wa tai na funguo nyingi, akaamuru zilizobaki ziingizwe ndani. Zikafungwa kwa boliti kwenye ukuta wa darasa, nyuma ya madirisha ya nondo, chini ya taa ya tyubu. Jua halikuingia humo hata kwa bahati mbaya. Ili nyaya ziwe na umeme wa mazoezi, Shoti alizilisha kwa betri, na betri ukiizima imezimika. Wanafunzi walizima, wakashika ncha za nyaya kwa mikono mitupu, wakazifunga na kuzifungua kama kamba za viatu. Lile la paneli kutozimika akalisema mara moja kwa darasa la pili, siku ya joto, watu wanasinzia. Darasa la tatu hakulisema kabisa. Hakuwa na jinsi ya kulionyesha, akaliruka, kisha likamtoka kichwani. Alichowaimbisha kila asubuhi ni wimbo wake ule ule wa kuzima kwanza.

Katika darasa hilo la tatu alikuwemo mpwa wake, binti wa yule dada wa mlangoni. Walimwita Nukta, kwa udogo wa umbo na kwa sababu hakuacha jambo mpaka alimalize. Mama yake hakutaka asome ufundi. Aliponda kokoto tangu ujana, vidole vimepinda, na alisema kazi ya kupanda mapaa si ya mwanawe wa pekee. Shoti ndiye aliyemwendea mara kwa mara kumlainisha. "Dada, mimi ndiye nitakayemfundisha," alimwambia. "Akiumia niulize mimi." Dada mtu akanyamaza, na kwake kunyamaza ndiko kukubali.

Nukta alitia fora. Alikuwa wa kwanza darasani mwao kuajiriwa, na kampuni ndogo ya kufunga mitambo ikampa ovaroli iliyomzidi mwili. Mama yake aliipunguza kwa mkono, akaitembeza kwa majirani.

Ajali ilitokea juu ya paa la ghala, jua la utosini. Mtambo ulikuwa unasumbua, akatumwa aangalie. Alizima swichi ya chini. Akajaribu taa, haikuwaka. Akapanda, akakuta waya uliochunika baina ya paneli na paneli, akaushika ili aufunge upya. Umeme ulimkamata, ukamrusha, akaanguka kwenye sakafu ya zege. Mkanda wa usalama ulikuwepo, umefungiwa ndani ya gari la msimamizi wa kampuni. Mikono iliungua viganja. Miguu haikuungua, ila haikusikia tena kitu.

Meneja alimwita Shoti ofisini hata kabla hajaenda hospitali mara ya pili. Alifunga mlango mwenyewe.

"Fundi, tuongee kiutu uzima. Wafadhili wanauliza. Msimamizi anasema binti alikuwa mzembe, na sisi tuseme hivyo hivyo."

"Yule ni mpwa wangu, bosi."

"Ndiyo maana watakuamini."

Shoti aliogopa, na tusimpake mafuta: aliogopea kazi, aliogopea jina lake, na zaidi ya yote alimwogopa dada yake. Akatoka bila kusema ndiyo wala hapana, na meneja akachukulia kwamba ni ndiyo.

Wodini Nukta alilala chali, mikono imefungwa bandeji mpaka viwiko. Kila Shoti alipokuja alimkuta kwenye jambo lile lile.

"Shikamoo mjomba. Hebu nisikilize tena. Nilizima ya chini. Nikajaribu taa. Nikapanda. Sikuwa na haraka, mjomba, na mikono ilikuwa mikavu. Nilisahau nini?"

"Pumzika, mama. Usijichoshe."

"Kuna kitu nimesahau. Nikikijua nitatulia."

Alilisaka usiku na mchana lile kosa lake. Alizirudia hatua kwa sauti, akazirudia kimoyomoyo midomo ikicheza, akamuuliza hata nesi asiyetofautisha waya na kamba. Siku zikaenda. Aliambiwa mgonjwa hatatembea tena, akalia kwenye choo cha hospitali, akanawa uso, na bado hakusema.

Siku aliyosema, dada yake alikuwa anamfuta binti shingo kwa kitambaa chenye maji. Ilikuwa mchana, wodi ina kelele za sahani.

"Kaka," dada mtu alisema bila kugeuka, "kampuni wametuma mtu. Anasema mwanangu alikuwa mzembe. Mimi namjua huyu. Sufuria anaisugua mpaka chini, pasipoonekana. Wewe ulimfundisha. Alikosea wapi?"

Nukta naye akamkazia macho.

"Hakukosea," Shoti alisema. "Nukta, hukusahau kitu. Paneli haizimiki jua likiipiga. Ile swichi inazima nyumba, haizimi waya wa juu. Mimi nilijua. Niliambiwa semina. Sikuwafundisha."

Dada yake aliacha kufuta. Alikikamua kitambaa polepole kwenye beseni, akakikunja, akakaa. Alikuwa na mdomo wa kumaliza mtu, mtaa mzima ulijua, na Shoti aliungoja. Haukufunguka.

"Kwa hiyo nilifanya sawa," Nukta alisema.

"Ulifanya kama nilivyokufundisha."

Machozi yalimtoka kwa mara ya kwanza tangu aanguke, yakateremka kuelekea masikioni kwa sababu hakuweza kujifuta. Kisha akakunja uso, kama alivyokuwa akifanya darasani.

"Na wenzangu?"

"Wenzako gani?"

"Tuliosoma pamoja. Wako juu ya mapaa, mjomba. Saa hizi. Umewaambia?"

Hakuwa amewaambia. Siku zote hizo alikuwa amejililia yeye mwenyewe, akawalilia dada yake na mpwa wake, na halikumpitia akilini hata kidogo kwamba darasa zima lilitoka na wimbo wake mdomoni. Alitoa simu. Aliwapigia pale pale kitandani, Nukta akimtajia mmoja baada ya mwingine. Wengine walidhani anawatania. Mmoja aliuliza kwa nini basi aliwafundisha vile, naye akasema alikosea, akapiga namba inayofuata. Kwa yule waliyemwita Mrefu simu ilipokelewa na mkewe.

"Shikamoo mwalimu. Yuko juu ya paa la duka hapa, simu kaniachia mimi. Kasema ameshazima, ndiyo anaanza."

"Mwite. Mwambie asiguse waya wowote. Ashuke."

Walimsikia mwanamke akienda zake bila haraka, ndala zikipiga chini, kisha akiita mara mbili. Halafu sauti ya Mrefu ikaja, inahema: "Nimeshuka, mwalimu. Kuna nini?"

Shoti alimweleza. Alipokata simu, dada yake alikuwa amesimama.

"Umemaliza wote?"

"Wote, dada."

"Basi nenda nyumbani. Usije hapa mpaka nikuite."

Kesho yake aliwaambia wafadhili kila kitu mbele ya meneja, na kabla jua halijazama hakuwa na kazi. Kituo kilifungwa mwezi huo, vijana wakarudi kwenye mawe, na wapo wanaomlaani yeye kwa hilo.

Dada yake hajamwita mpaka leo. Habari za Nukta anazipata kwa Mrefu, ambaye humtembelea binti. Anasema Nukta anakaa kwenye kiti cha magurudumu, uso kwa barabara, na viganja vimepona vibaya. Shoti humuuliza kila mara kama binti humsema vibaya, na hutamani ajibiwe ndiyo, walau apate tusi la kubeba. Mrefu humwambia ukweli, kwamba hamtaji kabisa.